Oili Iliyozeeka Bila Safari

"Oili inazeekaje ndani ya gari ambalo halijaenda popote?"

Aliyeniuliza alikuwa mandubu, mtu anayeshughulikia makaratasi na mambo ya nje ya familia moja yenye uwezo ya Al Rayyan. Aliniuliza katika karakana ya Industrial Area nilikokuwa nikipokea magari, kiangazi kikielekea mwisho, kwa sauti ya mtu ambaye jibu analo tayari. Nyuma yake alisimama dereva wa familia hiyo, Siraje, Mganda wa Jinja, mikono mgongoni, macho kwenye viatu. Jibu la mandubu lilikuwa kwamba Siraje ameichezea mita ya kilomita na kuligeuza gari la bosi teksi ya wizi wakati familia iko ng'ambo. Alitaka karakana imwandikie hivyo, naye aende na maandishi hayo polisi.

Wadogo zangu mnaokuja Doha kushika usukani wa watu, nawaandikia ninyi. Najua mstaafu wa kawaida ana mvi. Mimi niliiacha kazi ya karakana katika umri ambao wengine ndio wanaitafuta, kwa hiyo mnivumilie nikiongea kama nyanya yenu. Chuo kikuu nilisoma fizikia. Doha hakuna aliyeniuliza habari za fizikia. Waliniuliza kama naweza kuongea na wateja kwa adabu. Nikasema naweza. Hilo la adabu lilikuwa na ukweli kidogo, maana nina ugonjwa wa kuuliza "kwa nini" hadi mtu anajuta kunijua.

Aliyeumia zaidi na ugonjwa huo ni Fundi Makokha wa Bungoma, aliyenipokea na kunifundisha kazi. Alipofika Doha, kila gari lilibandikwa karatasi kwenye kona ya kioo cha mbele: oili ibadilishwe ukifikisha kilomita kadhaa. Mtu alisoma kilomita, akaja. Kisha yakaja magari yanayoonyesha kwenye dashibodi asilimia ya uhai wa oili uliobaki, mia kwenda chini hadi sifuri. Makokha alikichukia kipimo hicho kama mke mwenza.

"Wewe Mwende, tangu lini oili ikasomewa taarifa ya habari?"

"Si ni maendeleo, Fundi?"

"Maendeleo ni kuchomoa kijiti cha kupimia oili, unuse, usugue kwa vidole. Mchanga ukiwemo utausikia. Hiyo televisheni inasikia nini?"

"Inajuaje basi kwamba oili imechoka?"

"Kuna kidude kimezama mle ndani kinaionja."

Sikuridhika. Nikaenda kusoma vitabu vya magari yenyewe, hivi vitabu vinavyolala kwenye droo ya gari tangu linunuliwe hadi life. Katika magari mengi tuliyokuwa tukihudumia hapakuwa na kidude chochote kinachoonja. Kompyuta huhesabu: injini imezunguka mara ngapi, kwa joto gani, imewashwa mara ngapi, imebeba mzigo kiasi gani. Kisha hupunguza asilimia. Oili yenyewe haijawahi kuiona.

Nilipomwambia, Makokha aliweka spana chini. "Kwa hiyo inakisia?"

"Inakadiria."

"Kukadiria ni kukisia ukiwa umevaa suti."

Alicheka peke yake mpaka chakula cha mchana. Lakini kwa jambo moja alikuwa na haki ya kucheka. Kipimo hicho huamini chochote unachokiambia. Ukimaliza kubadilisha oili lazima ukirudishe mia kwa mkono, na hakuna kinachomzuia mtu kukirudisha mia bila kubadilisha kitu. Aliwahi kutujia kijana wa Kisii, mlinzi wa hoteli, aliyenunua gari la kwanza maishani mwake. Alikuwa akipiga picha dashibodi na kuwatumia ndugu zake: oili, asilimia tisini na tano. Tulipofungua nati ya chini ilitoka kitu kama uji wa lami. Gari lilikuwa limeambiwa limeoga, nalo likaamini.

Kwa hiyo shikeni haya. Ikifika kama asilimia ishirini, panga siku ya karakana. Usingoje sifuri, kwa sababu sifuri huwa inakukuta njiani. Kipimo hakijui oili ikivuja, kwa hiyo kijiti kichomolewe mara kwa mara, gari likiwa mahali tambarare na injini imetulia. Hakijui kama fundi ametia oili ya bei rahisi. Hakijui vumbi la hapa, lile linaloingia hadi kwenye mkate. Na hata kikikuambia oili bado ina uhai mwingi, mwaka ukipita, badilisha. Oili huchoka hata ikilala.

Hilo la mwisho ndilo nililomwambia mandubu kwanza, nikidhani nimemaliza kazi.

"Halikulala mwaka," alisema. "Familia imeondoka mwanzo wa kiangazi. Oili mpya iliwekwa hapa hapa kwenu, wiki ile ile. Nyumbani hakuna mtu. Gari limekaa chini ya kivuli chake. Angalia."

Nikaangalia. Rekodi zetu zilikubaliana naye. Kilomita zilikuwa zimeongezeka kidogo tu, kama za mtu anayekwenda kituo cha petroli cha kona na kurudi. Lakini dashibodi ilikuwa ikiwaka maandishi ya kuomba oili ibadilishwe mara moja. Na kadi ya petroli ya familia, alisema mandubu, ilikuwa imejaza tangi la gari hilo mara nyingi kiangazi chote.

"Petroli imenywewa na nani?" aliuliza. "Majini?"

Siraje hakuinua macho. Mandubu akasema anakwenda kuswali na kumaliza shughuli zake mtaani, atarudi jioni kuchukua maandishi. "Na huyu abaki hapa. Pasipoti yake ninayo."

Tulimpa Siraje kiti na maji. Alikunywa maji, kiti akakiacha.

Makokha alikuwa amekwisha kuinua boneti. Alichomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Kisha akaniita kwa kidole bila kusema neno, jambo ambalo kwake ni dalili mbaya kuliko matusi.

"Soma."

Nikasoma. Katika injini inayotumika, oili hupungua au hubaki palepale. Hii ilikuwa imepita alama ya juu.

"Imeongezeka," nilisema.

"Mimi ndiye niliyeitia. Niliitia kwenye alama. Sasa oili inazaa?" Alikinusa kijiti, akaninyooshea. Ilinuka petroli. "Na njoo uone hii."

Alikuwa amefungua mlango wa abiria wa mbele. Vumbi la Doha hujipaka kwenye kioo hata kwa ndani, utando mwembamba wa kijivu, na vioo vyote vya gari lile vilikuwa nao. Isipokuwa cha mlango ule. Pale palikuwa na sehemu safi, ya mviringo, sawa na uso wa mtu aliyeketi. Ilikuwa imefutwa mara nyingi. Ukiiangalia kwa pembeni uliona mistari juu ya mistari, yote ikizunguka upande mmoja.

"Siraje," nilisema, "nani alikuwa akikaa hapa?"

"Dada, tafadhali. Badilisheni oili tu."

"Mandubu anataka kukupeleka polisi."

"Nimesikia."

Niliingia upande wa dereva ili nisome kompyuta ya gari. Nikabonyeza kitufe cha kuwasha. Injini ikawaka, na kiti kikaanza kusogea nikiwa juu yake. Kilirudi nyuma polepole, kikashuka, kikalala kidogo, hadi miguu yangu ikaachana na pedali. Vioo vya pembeni vikajigeuza kutafuta macho yaliyokuwa juu kuliko yangu. Usukani ukanisogelea kifuani. Kisha kila kitu kikatulia, kikingoja.

Makokha alikuwa ameshafika kwenye lango la karakana.

"Mimi hiyo sigusi tena! Mwende, toka humo! Kuna mwenyewe!"

"Fundi, ni kumbukumbu ya kiti. Kila funguo hukumbuka mwenyewe."

"Ndiyo nasema! Kuna mwenyewe!"

Kwa kweli maelezo yangu yalikuwa sahihi: gari la aina ile huhifadhi kipimo cha kila mtu kwenye funguo yake, na anayewasha kwa funguo hiyo hupangiwa kiti chake. Nilimgeukia Siraje, mtu mfupi kuliko hata mimi. Akiketi kwenye kiti kile asingegusa breki.

"Hii ni funguo ya nani?"

"Ya Mzee, mwenye gari."

"Mzee yuko wapi?"

"Mzee alifariki. Kabla ya kiangazi."

Kiyoyozi kilikuwa kikivuma kwa nguvu zake zote, baridi kabisa, na matundu ya upande wangu yalikuwa yamefungwa. Yaliyofunguliwa yalielekezwa kwenye kiti cha abiria.

Sasa niwaambie la kazi, kwa sababu ndilo lililotufaa. Magari mengi makubwa, mbali na kilomita, huhesabu pia saa ambazo injini imewaka, na mengine hutenga kabisa zile ambazo imewaka gari likiwa limesimama. Madereva wengi hawajui kurasa hizo zipo. Nilizitafuta kwenye menyu nikazikuta. Saa za kusimama zilikuwa nyingi mno. Karibu kiangazi chote injini ile ilikuwa ikiwashwa, ikinguruma mahali pamoja, ikizimwa, na kesho yake tena.

Hapo nikapata jibu la swali la mandubu. Gari likisimama huku injini inawaka, kilomita haziendi lakini injini inazunguka, na kipimo cha oili huhesabu mizunguko. Petroli inachomwa. Injini isiyotembea hupata shida kuichoma yote, kidogo huteremka na kuchanganyika na oili, ndiyo maana ilipanda kwenye kijiti. Hapa Gulf mnaliona jambo hili kila siku: mtu anaacha gari likinguruma mbele ya duka la chai, mbele ya benki, mbele ya msikiti, ili akirudi akute baridi. Kisha anashangaa karakana ikimwambia oili imekwisha. Wadogo zangu, saa nzima ya kusubiri bosi na kiyoyozi kikiwaka ni safari. Ihesabuni kama safari.

Nilifurahi jinsi mtu wa fizikia anavyofurahi. Mita haijachezewa. Teksi haikuwepo. Nikamwita Makokha arudi.

"Hakuna jini, Fundi. Gari lilikuwa likiwashwa tu, limesimama."

"Linawashwa na nani?"

"Na mtu."

"Mtu gani anawasha gari la marehemu kila siku na haendi popote?" Alibaki palepale langoni. "Wewe umesoma, niambie. Anakwenda wapi?"

Nikaamua kufanya jaribio. Hii ni tabia yangu mbaya. Nikikosa jibu nahesabu. Nilikaa kwenye kiti cha abiria, nikafunga mlango, nikaiacha injini iwake ili nione vipimo vinavyosogea. Kelele za Industrial Area zilikatika. Nyundo, magari ya kampuni, mtu akimtukana mwenzake kwa Kimalayalam, vyote vikawa kama viko chini ya maji. Baridi ilinijia usoni. Kushoto kwangu kiti cha dereva kilikuwa kitupu, kimelala nyuma kwa mtu mrefu, na usukani umesogezwa karibu na kifua ambacho hakipo. Uso wangu, bila mimi kuutuma, ulikuwa umegeukia ile sehemu safi ya kioo.

Siamini mizimu. Sikuamini siku ile na sijaanza. Ila nawaambieni jinsi ilivyokuwa: nilikuwa na hakika tunakwenda. Ukuta wa karakana ulikuwa palepale, pipa la oili chafu lilikuwa palepale, na mwili wangu ulikuwa na hakika kwamba gari linakwenda taratibu na kuna anayeendesha. Niligundua kwamba nimekaa wima na nimekunja mikono mapajani kama mtu anayesindikizwa. Niliposhuka sikukumbuka kuangalia kipimo hata kimoja.

Siraje alikuwa akinitazama. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameinua uso.

"Umekaa sana, dada."

"Ulikuwa ukilala humo? Niambie tu. Joto la chumba chenu nalijua, mimi mwenyewe ningelala humo. Nitaliandika vizuri."

"Sijakaa ndani ya gari hilo hata mara moja likiwa limesimama. Wallahi."

"Nani basi?"

Alirudisha macho kwenye viatu vyake.

"Siraje, nikiandika kwamba liliwashwa na sikuandika na nani, atasema ni wewe."

"Aseme."

"Utafukuzwa."

"Nitafukuzwa." Alisema kama mtu anayesoma saa. "Andika ya oili. Hiyo ni kazi yako. Ya nyumba ya watu hukaa nyumbani kwa watu."

"Hata kama nyumbani hakuna mtu?"

Aliinama akaanza kuokota matambara machafu ya Makokha na kuyakunja moja moja, kama nguo zilizotoka kufuliwa.

Mandubu aliporudi nilimpa karatasi. Niliandika kwamba mita ya kilomita ni nzima. Kwamba injini iliwaka kwa muda mrefu gari likiwa limesimama. Kwamba petroli na uhai wa oili vimeishia hapo. Nilimwonyesha zile saa za kusimama kwenye skrini. Aliisoma karatasi mara mbili, na nakiri alikuwa mtu wa haki kwa kiasi chake, maana neno polisi hakulitaja tena.

"Kwa hiyo alikuwa akilala kwenye gari la marehemu," alisema. "Anakunywa petroli ya yatima na kulala kwenye baridi."

"Hilo sikuliandika."

"Wewe hukuandika. Nyumbani hakuna mtu. Nani mwingine?" Alimgeukia Siraje. "Ni wewe?"

"Ni mimi," Siraje alisema.

Nilipiga kelele. Makokha naye, kutoka langoni: "Mwongo huyo! Huyo hafiki hata kwenye pedali!" Mandubu alitusikiliza kama anavyosikilizwa mtoto anayelilia kitu dukani. Siraje alishika mlango, akamfungulia mandubu kwa heshima, kisha akaenda kukaa nyuma, kwa sababu usukani alikuwa amekwisha kunyang'anywa. Kabla ya wiki kwisha alikuwa Entebbe. Alinitumia ujumbe mmoja tu: amefika, mama yake hajambo, tumwombee. Nilimuuliza tena. Hakujibu.

Makokha alichoma udi karakana nzima. Mimi nilibadilisha maneno tu: nilipoulizwa habari za gari lile nilisema "tatizo la kuacha injini ikiwaka," na ilikuwa kweli, na ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nadhani ndiyo sababu niliiacha kazi mapema. Niliweza kumwambia mteja yeyote oili yake imeishaje. Imeishia kwa nani, mashine haisemi.

Mwaka huu nilialikwa arobaini ya mtoto huko Al Wakrah. Wanawake tulikuwa jikoni, na aliyekuwa akipakua pilau, Zuhura wa Kwale, alisikia nimewahi kufanya kazi karakana.

"Ile ya Industrial? Wewe ndo yule dada msomi?" Mwiko ukabaki hewani. "Yule wa gari la Mzee?"

Alikuwa mfanyakazi wa nyumba ile. Kiangazi kile alikuwamo.

"Waliniambia nyumbani hapakuwa na mtu," nilisema.

"Wanaume hao. Mandubu atamtaja vipi mke wa mtu mbele za watu gereji?" Alipunguza moto. "Mama alikuwapo. Watoto walisafiri, yeye hakuweza. Alikuwa eda, mwanangu. Miezi minne na siku kumi, mjane hatoki nyumbani. Na wewe hujui, yule na mumewe kila alasiri walikuwa wakitoka kwa gari, wawili, wanazunguka ufukweni, wanarudi. Miaka na miaka. Basi akawa ajivika, aingia kwenye gari mle mle uani, akaa upande wake. Getini hatoki. Eda yake yu ndani yake."

"Na Siraje?"

"Ndiye akiliwasha. Mama alitaka liwashwe kwa funguo ya Mzee. Alipotoka eda aliuliza dereva yuko wapi, wakamwambia amekwenda kwao kwa hiari yake. Mie ningesema nini, na kwa nani?"

Nilimuuliza Siraje alikuwa akikaa wapi muda wote huo, kwa kuwa aliniapia hajakaa ndani ya gari.

Zuhura alinitazama kama aliyeulizwa maji yana rangi gani. Angekaaje na mwanamke aliye eda? Kila alasiri Siraje aliwasha injini, akafungua mlango wa abiria, akaondoka kabla Mama hajatoka ndani, akaenda kusimama getini katika jua lile la Agosti, ameligeuzia gari mgongo, mpaka adhana ya Magharibi.